Jiwe la Papa na Bahari ya Ruashi

9 Novemba

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mwaka jana, siku ambayo wote walikwenda kanisani na mimi nikabaki kwa sababu ya malaria, nilijaza maji kwenye beseni la kufulia, nikatia chumvi ya jikoni na kukoroga mpaka mkono ukachoka, kisha nikaingiza uso wangu wote na kufumbua macho. Nilitaka kujua samaki wa baharini anaonaje. Macho yaliniuma sana. Niliona sehemu ya chini ya beseni na ufa wake, basi, lakini nilifurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Mama aliporudi na kukuta macho yangu ni mekundu, aliniongezea dawa ya malaria. Nilimeza bila kusema neno.

Mimi ni Dorine. Nina miaka kumi na sita, niko darasa la tatu la humanités, yaani sekondari, tawi la chimie-biologie, kemia na biolojia. Bahari sijaiona. Nyumbani kwetu hakuna aliyeiona.

Ninaanza kuandika leo kwa sababu ya Papa Paluku, jirani yetu, mtu wa Butembo mwenye malori yanayokwenda Dar es Salaam na agence, ofisi ambapo watu hungojea kolis, yaani vifurushi vyao. Baada ya misa aliingia uani kwetu na sauti yake, maana sauti yake hufika kwanza, akimwita Papa yangu.

"Ba Kapya! Ule mutoto yako wa kusoma-soma iko wapi?"

Nilikuwa nyuma ya jiko. Kaka yangu Dédé hakunihurumia.

"Iko kule, anajificha. Anaogopa bantu sawa panya."

Nikatoka. Papa Paluku akaketi kwenye kiti cha Papa bila kukaribishwa na kueleza kwamba katika hoteli moja ya Dar, pale pa kuingilia, aliona bahari nzima ndani ya kioo.

"Samaki za rangi zote! Bantu banangojea chambre ya kulala, na hakuna hata moja anakasirika. Kwangu, pa agence, bantu banangojea kolis, banatukana tu. Nataka bahari yangu mu salle d'attente, pale banangojea. Emmanuella anasema weye njo unajua hii maneno. Unichagulie yote: kioo, mashine, samaki. Unasema je?"

"Ndiyo, Papa."

Dédé alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo hotuba ndefu zaidi niliyotoa tangu nibatizwe.

12 Novemba

Mvua. Nimesoma mpaka simu ya Emmanuella ikazimika. Emmanuella ni binti wa Papa Paluku, tunaketi dawati moja. Yeye huongea, mimi husikiliza, na kwa hiyo hatujawahi kugombana.

15 Novemba

Leo tulichagua. Papa Paluku alikuwa na picha mbili: tangi dogo la duara kama sufuria, na jingine kubwa kama ukuta wa kanisa. Mimi sikutaka hata moja, lakini nilishindwa kusema mbele ya watu wa agence. Nilimnong'oneza Emmanuella, naye akatangaza kama redio.

"Anasema ile ya kidogo, hapana! Maji kidogo inaharibika mbio. Samaki moja akikufa asubuhi, mangaribi bote banakufa."

"Basi tuchukue kubwa!"

"Anasema ile kubwa, courant ya umeme ikikatika, utaipa hewa na nini?"

Tulikubaliana juu ya tangi la wastani, refu kwenda pembeni kuliko kwenda juu, kwa sababu hewa ya samaki huingia kupitia uso wa maji na uso mpana huvuta hewa zaidi. Chini yake, ndani ya kabati, litakaa tangi la pili lisiloonekana. Maji yatashuka humo yasafishwe na kupandishwa tena kwa pompi. Humo tutaweka mashine ya povu, ambayo hupiga viputo vidogo sana mpaka uchafu ugande kwenye povu na kumwagika kikombeni. Lakini nilimnong'oneza Emmanuella kwamba kazi kubwa zaidi ya kusafisha hufanywa na mawe: mawe ya baharini yenye matundu, ambamo wadudu wasioonekana hula sumu ya mavi ya samaki.

Papa Paluku alicheka mpaka akashika meza.

"Nilipe mawe? Mu Katanga? Na chumvi pia ya kulipa? Ba Dorine, niko na depo muzima ya chumvi!"

Emmanuella akamweleza kwamba chumvi ya depo ni ya chakula, ya bukari na sombe, na kwamba bahari ina vitu vingi kuliko chumvi. Alikubali kwa shida. Ndipo Papa yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni kimya, akakohoa.

"Kama ni maneno ya mawe, ba Paluku, miye niko fundi ya mawe. Nunueni hayo ya matundu, sawa. Lakini ya katikati, ile ya kuonekana, miye nitakuchongea. Malakiti. Kijani sawa bahari yenyewe."

Papa Paluku alimshika mkono kwa mikono miwili. "Voilà! Na jina yako itaandikwa pale. Kapya, fundi."

Sijawahi kumwona Papa akitembea vile njiani kurudi nyumbani. Alikuwa akiruka madimbwi kama mtoto.

16 Novemba

Papa amechagua jiwe. Ni kubwa kama kichwa cha ng'ombe, alilitunza chini ya kitanda kwa miaka. Akaniambia, bila kunitazama, maana naye ni mwenye haya kama mimi:

"Unajua, Dorine, miaka makumi mbili nachonga. Tembo, mamba, sahani za majivu ya sigara. Yote inapanda ndeke inaenda kwao na bazungu. Hakuna hata kimoja kinabakia humu mu Lubumbashi, kwamba mutoto wangu apite na kusema, ile ni ya Papa. Hii itabakia."

22 Novemba

Kioo kimefika. Hakuna ufa. Dédé amekiita jeneza la malaika. Nilicheka, na yeye akashangaa kwamba nilicheka.

30 Novemba

Leo nilikuwa nachagua maji, ndivyo nilivyojua.

Kila kitabu kinasema maji ya bomba si mazuri kwa tangi la bahari. Nilitaka kujua kwa nini, na je, maji ya kisima cha hapa kwetu Ruashi yatafaa kama tukiyachemsha? Kitabu cha zamani cha maktaba ya parokia, kile chenye kurasa zilizoliwa na mende, kimejibu kwa sentensi moja: maji yenye shaba, hata kidogo kiasi cha kutoonjeka, huua uduvi, konokono na wanyama wote wasio na mfupa. Kuyachemsha hakusaidii. Na shaba ikishaingia katika mawe, haitoki tena.

Nikaandika: tununue maji ya kile kiwanda kidogo cha maji ya kunywa, yanapita kwenye mchujo mzuri. Nikafurahi kwamba nimepata jibu.

Halafu nikasikia uani sauti ya Papa akipiga msasa. Shh, shh, shh. Na nikakumbuka somo la kemia, ubao ule, mwalimu akiandika fomula ya malakiti. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Kila mtoto wa hapa anajua. Ndiyo sababu inachimbwa.

Nilifunga kitabu. Nitamwambia Jumapili.

7 Desemba

Jumapili. Papa alinionyesha mahali ambapo samaki watapita, tundu kama dirisha, amelitoboa bila kupasua. Sikumwambia.

10 Desemba

Mtihani wa hesabu. Mvua. Shh, shh, shh.

14 Desemba

Sikumwambia.

20 Desemba

Floribert, dereva wa Papa Paluku, ametoka Lusaka, kwenye duka moja la samaki, na mawe ya matundu ndani ya ndoo zenye magazeti yaliyolowa. Alichelewa mpakani.

"Muntu moja pale Kasumbalesa ananiangalia, anaangalia ndoo, ananiangalia tena. Anasema: weye, unatoa mawe ku Zambia unaleta ku Katanga? Uko na kichwa kweli?"

Agence nzima ilicheka, hata wale wa kolis. Tuliyaweka tangini, katika maji ya kile kiwanda yaliyotiwa chumvi ya bahari, na kuyafungulia pompi. Sasa ni kungoja wiki kadhaa bila samaki, wadudu wasioonekana wakue. Papa Paluku hakuelewa.

"Bahari ya bure? Maji na mawe tu? Bantu batasema nini?"

Lakini juu ya mawe walikuja konokono wadogo ambao hakuna aliyewalipia. Nilimwona mmoja akipanda kioo polepole. Papa Paluku aliinama, pua yake ikagusa kioo, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo: "Ku Dar nilivua viatu. Muntu mukubwa, na costume. Nikaingia mu maji mpaka hapa." Akagusa magoti. "Usimuambie Emmanuella."

Nilikuwa nadhani yeye ni kelele tu.

25 Desemba

Noeli. Kuku. Papa ameanza kuchonga majani ya baharini kwenye upande wa kushoto, kutokana na picha niliyomchorea mimi mwenyewe mwezi wa kumi na moja, kabla sijajua. Niliombea chakula, nikasahau maneno katikati.

4 Januari

Labda kitabu kimekosea. Ni cha zamani. Labda malakiti haiyeyuki, ni jiwe, si unga. Nimechukua chupa mbili za mayonezi, nimezitia maji ya tangi, konokono mmoja kila chupa. Katika moja nimeweka kipande cha malakiti nilichookota chini ya meza ya Papa, na vumbi lake kidogo. Nimezificha kwenye dirisha la chumba chetu, nyuma ya pazia.

Ninaomba kitabu kiwe kimekosea.

5 Januari

Wote wawili wanatembea.

8 Januari

Wa chupa safi yuko juu ya kioo. Wa chupa ya kijani ameanguka, amejifungia ndani, mguu wake mdogo umebaki nje kama ulimi. Nimemhamisha kwenye chupa safi, kwa mwenzake. Sijui kama yu hai. Nimeosha mikono mara nyingi.

Kitabu hakikukosea.

10 Januari

Samaki wamefika! Wawili, rangi ya chungwa na mistari myeupe, na uduvi mmoja mwekundu mwenye ndevu ndefu nyeupe. Niliketi sakafuni, nikauacha mfuko wao uelee juu ya maji ili joto lilingane, nikaongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe, watu wakinitazama, na kwa mara ya kwanza sikujali kwamba wananitazama. Uduvi alipoachiwa alisimama juu ya jiwe na kupunga ndevu zake pande zote kama anatoa amri. Dédé akampa jina hapo hapo: Monsieur le Directeur, bwana mkurugenzi.

Mama mmoja aliyekuja kudai kolis yake alisahau kudai. "Ee Mungu, angalia! Anamutolea samaki takataka mu kinywa!" Ni kweli. Directeur alikuwa anasafisha meno ya samaki, kama kinyozi.

Papa alikuja mwisho, akasimama nyuma ya watu. "Wako bazuri," akasema. "Jiwe yangu itafika hapo katikati, juu ya ule muchanga. Nitamaliza mbele ya Carême, Kwaresima hii."

"Ndiyo, Papa," nikasema.

11 Januari

Konokono wa chupa ya kijani ametoa pembe zake. Yu hai! Kwa hiyo inawezekana kurudi, ukitolewa mapema.

Jumapili nyingine imepita.

19 Januari

Ngurumo, mvua ya mawe, mti umeangukia waya karibu na Naviundu na courant imekatika mtaa mzima. Nilikimbilia agence nikiwa na sare ya shule. Bila pompi maji hayatembei, samaki wanakosa hewa. Nilikuwa nimechagua pompi ndogo ya hewa ya kutumia betri kwa siku kama hii, lakini betri yenyewe haikuwa na nguvu. Nilianza kukoroga maji kwa kikombe: nachota, namwaga kutoka juu, nachota, namwaga. Mikono ilikufa ganzi.

Dédé akaingia, amelowa, amebeba kifuani betri ya gari la rafiki yake Nkandu. Hakutania. Aliunganisha waya, viputo vikaanza, akaketi sakafuni pembeni yangu.

"Directeur anapumua?"

"Anapumua."

"Basi lete kikombe, nikusaidie, petite. Weye unachoka."

Tulikaa pale mpaka courant iliporudi kabla ya giza. Karibu nimwambie yeye kuhusu jiwe. Nilifungua kinywa. Alinitazama, akangoja, halafu akasema: "Kama ni kijana, nitamupiga." Nikafunga kinywa.

25 Januari

Shh, shh. Sasa ni msasa mwembamba, sauti kama kitambaa. Mama analalamika beseni la kufulia ni la kijani kwa vumbi la nguo za Papa. Sikumwambia.

1 Februari

Sikumwambia.

8 Februari

Limekwisha. Papa alilifunua mezani baada ya kula. Sijui niandike nini. Miviringo ya kijani hafifu na kijani nzito inazunguka kama mawimbi, majani ya baharini yanaelekea upande mmoja kana kwamba maji yanayasukuma, na lile dirisha katikati. Mama aliweka mkono kinywani. Dédé, ambaye hasifu kitu, alisema: "Papa, weye njo ulifanya hii?"

Papa alinitazama mimi. Mimi tu.

"Ni muzuri kuliko vyote," nikasema. Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililofanya iwe mbaya zaidi.

14 Februari

Nitaandika yote.

Papa Paluku alichagua leo kwa sababu ya Saint-Valentin, sikukuu ya wapendanao. Alichoma brochettes, mishikaki ya nyama, akaweka viti vya plastiki, akaita majirani na hata watu ambao kolis zao hazijafika. Papa alivaa shati la harusi. Jiwe lilikuja juu ya mkokoteni, limefunikwa shuka, Dédé akisukuma na Papa akitembea pembeni na mkono juu yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Nilikuwa nimeapa kumwambia asubuhi. Asubuhi alikuwa ananyoa ndevu na kuimba. Nikasema, njiani. Njiani watu walimsalimia kila hatua. Nikasema, pale pale, pembeni. Pale pale hakukuwa na pembeni.

Papa Paluku akapiga makofi.

"Ba mama na ba papa! Hii bahari, ni mutoto ya ba Kapya alichagua. Kioo yeye, mashine yeye, maji yeye. Na sasa jiwe ya papa yake itaingia. Nani ataiweka? Ni yeye! Dorine, kuya hapa!"

Emmanuella alinisukuma. Dédé akaondoa shuka, watu wakapiga kelele ya furaha. Papa na Dédé wakaliinua pamoja, wakalileta juu ya maji, na mimi nikaweka mikono chini yake ili nilielekeze. Lilikuwa baridi na zito. Kupitia maji nilimwona Directeur amesimama mahali pale pale lilipotakiwa kukaa. Alikuwa anapunga ndevu.

Nilimtafuta Emmanuella kwa macho, nimnong'oneze. Alikuwa mbali, anapiga picha.

"Hapana," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Jiwe lilishuka kidogo. Tone moja la maji lilirukia chini yake.

"Hapana! Musiliweke! Itawaua!"

Sikujua kwamba nina sauti hiyo. Ilirudi kutoka kwenye bati la paa. Watu wote waligeuka, hata wale wa brochettes.

"Ni shaba," nikasema. "Malakiti ni shaba. Mu maji ya chumvi inatoka polepole. Directeur atakufa, na konokono bote, na mawe hayatapona. Nilijaribu mu chupa. Ni kweli. Samahani, Papa. Ni kweli."

Papa Paluku alianza: "Mais, mutoto, jiwe tu..." Papa alimkatiza bila kumwangalia. Alilirudisha jiwe mkokotenini taratibu sana, pamoja na Dédé, bila kuligonga. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida:

"Ulijua tangu siku gani?"

Ningeweza kudanganya. "Mbele ya Noeli."

"Mbele ya Noeli." Alitazama mikono yake, ambayo bado ina kijani kwenye mikunjo. "Na ulikuwa unaniangalia nachonga."

Akafunika jiwe na shuka. Akasukuma mkokoteni mwenyewe, akatoka kwenye mvua na shati lake la harusi. Dédé alimfuata, akanipita bila kunitukana, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko tusi.

Papa Paluku alibaki amesimama na kijiti cha brochette mkononi. Nilingoja kelele. Alisema tu: "Kula kitu, mwanangu." Sikuweza.

15 Februari

Papa hakwenda kanisani. Amekaa uani na mgongo kwetu.

17 Februari

Mvua. Hakuna msasa. Sikuwahi kujua kwamba sauti ile ndiyo iliyonilaza kila siku tangu nilipozaliwa.

18 Februari

Mercredi des Cendres, Jumatano ya Majivu. Tulipanga mstari wa majivu, Papa mbele yangu. Hakugeuka. Njiani kurudi nilimsikia Mama akimwambia polepole: "Ule mutoto alisema mbele ya bantu bote. Ule! Unajua ilimugharimu nini?" Papa aliendelea kutembea. Lakini hakusema kwamba haikugharimu.

20 Februari

Baada ya shule nilichukua zile chupa mbili nyuma ya pazia, nikazipeleka uani na kuziweka kwenye meza yake, kati ya patasi. Sikuweza kusema sentensi nilizotayarisha. Nilisema: "Papa, angalia basi."

Aliangalia. Nikamweleza kila kitu, kutoka maji ya bomba mpaka konokono aliyeanguka na kurudi. Nilisema pia kwamba kila Jumapili nilitaka kumwambia. Na kwamba niliogopa, si hasira yake, maana hana hasira, bali uso wake. Nilitaka uso ule wa siku aliporuka madimbwi ukae siku moja zaidi. Halafu siku moja zaidi.

Alifuta mikono kwenye suruali. Akachukua chupa yenye kipande cha kijani, akaipindua-pindua kwenye mwanga.

"Pa mugodi, kule maji yao inapita, majani haioti," akasema. "Naona hii tangu utoto. Nilikuwa nasema ni dawa zao za kiwanda. Sikusema hata siku moja ni jiwe yangu." Akatabasamu kidogo, upande mmoja. "Nilikasirika juu ya weye ulinyamaza. Lakini unyamavu, uliutoa wapi? Ni kwangu."

Akaweka chupa ya kijani kando, ili aone vizuri konokono wa chupa safi. Aliiweka nyuma ya ile chupa safi tu, bila kuwaza.

Tukaona wote wawili kwa wakati mmoja.

Maji safi yalijaa kijani. Kile kipande kidogo, kupitia vioo viwili, kilikua kikubwa kama mlima, na konokono mmoja alikuwa anaupanda, bila kuugusa, bila kudhurika.

Papa aliinama. Alisogeza chupa ya nyuma kushoto. Mlima ukasogea. Akaisogeza kulia.

"Ile aquarium," akasema polepole, "nyuma yake iko nini?"

"Ukuta, Papa. Ukuta tu, wa kupakwa rangi."

"Na kati ya kioo na ukuta?"

Nilinyoosha mikono yangu kuonyesha upana. Alichukua kamba, akapima mikono yangu, akaenda kupima jiwe.

21 Februari

Tulikwenda asubuhi, kabla watu wa kolis hawajaanza. Papa Paluku alifungua mlango na mswaki kinywani. Papa akamweleza. Papa Paluku alisikiliza, akatoa mswaki, na kusema: "Ba Kapya, hata mukiweka juu ya paa, jina yako naandika."

Kwanza Papa aliomba maji na sabuni, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akasuuza, akaosha tena. Hakuna aliyemwambia. Halafu Dédé na Floribert wakajenga kiti cha matofali nyuma ya tangi, nami nikafuta kioo cha nyuma kwa kitambaa kisicho na dawa. Papa alishika upande mmoja wa jiwe, mimi mwingine, tukalishusha kwenye nafasi ile. Lilikaa. Dédé alisogeza taa kidogo nyuma.

Tukazunguka mbele.

Bahari ilikuwa imepata mwisho wa mbali. Mawimbi ya Papa yalikuwa nyuma ya maji, majani yake yakielekea upande mmoja, na samaki wa rangi ya chungwa alipita mbele ya lile dirisha kana kwamba ametokea ndani yake. Directeur alikuja mpaka kwenye kioo cha nyuma, akagusa kwa ndevu zake, akagusa tena, akaridhika, akarudi kazini.

Mtu wa kwanza wa kolis alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alionyesha kidole. Mama akauliza nani alichonga.

"Ni papa yangu," nikasema, mimi mwenyewe, kwa sauti ya kusikika. "Yule pale."

Baadaye wengine walipotoka, nilimweleza Papa kuhusu beseni, chumvi na malaria. Alicheka kimya, mabega yakitetemeka. Akauliza kama macho yaliuma. Nikasema yaliuma sana. Akauliza nini niliona. Nikasema, ufa.

Halafu nikapima chumvi, nikaongeza maji yasiyo na chumvi badala ya yale yaliyokuwa yamekauka, nikamwaga kikombe cha povu. Nyumbani nilitoa konokono wawili chupani ili niwarudishe tangini kesho, na maji ya ile chupa ya kijani nikayamwaga mbali na mboga za Mama. Nikaosha chupa. Papa akaniita niende kumshikia jiwe jipya, dogo, ili aanze kulikata. Nikamfunga kwanza kitambaa puani, kwa sababu ya vumbi, naye akakubali. Nikalishika.